Bonde la Msimbazi: Kwa nini Jangwani hufurika na nani hulipa gharama

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA mvua za masika zinapokolea jijini Dar es Salaam, maelfu ya wakazi wa Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara na Mbezi huamka na swali moja: je, Jangwani panapitika? Jibu likiwa ni hapana, jiji hukatika vipande viwili. Askari wa usalama barabarani huifunga Barabara ya Morogoro kati ya Magomeni na Fire, mabasi yaendayo haraka husitisha safari za kuingia katikati ya mji, na magari mengine yote hulazimika kutafuta njia ya kuzunguka. Wengine hukimbilia Barabara ya Kawawa, ambayo nayo hulishuka bonde lile lile eneo la Mkwajuni na Kigogo na mara nyingi hukutwa imezama. Wengine huenda mpaka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ambako foleni huweza kumla mtu nusu siku.

Hiyo ni sehemu ya mkasa inayoonekana kutoka barabarani. Sehemu ya pili iko chini, pembeni mwa tuta la barabara, katika nyumba za Jangwani, Kigogo, Hananasif, Magomeni na Mchikichini. Huko maji huingia usiku, aghalabu bila kelele, na mwenye nyumba hutambua pale godoro linapoanza kulowa.

Mto unaosababisha yote hayo ni mdogo kiasi cha kushangaza. Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, kusini magharibi mwa jiji, na husafiri takriban kilometa 35 tu kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Selander. Njiani hupita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Buguruni na Kigogo, ukipokea vijito kadhaa, vikiwamo Luhanga, Ubungo na Ng'ombe. Wakati wa kiangazi zipo sehemu ambazo mtoto anaweza kuuruka. Mtu asiyekuwa mwenyeji, akionyeshwa mkondo huo mwezi wa Agosti, hataamini kwamba ndio ulioua watu na kusomba nyumba.

Siri iko katika eneo unalolikusanyia maji. Bonde zima la Msimbazi lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 270. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huanza kutoa tahadhari ya mvua kubwa pale inapotarajiwa kuzidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 zikinyesha katika bonde lote ni sawa na mita za ujazo milioni 13.5 za maji, yaani lita bilioni 13.5. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingenywewa na ardhi ya misitu ya Pugu, mashamba na viwanja vitupu vya Segerea na Tabata. Leo sehemu kubwa ya ardhi hiyo ina paa, saruji au lami juu yake. Sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu watu wapatao milioni 2.5 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2012 ikapata milioni 4.36, na ya mwaka 2022 ikapata milioni 5.38. Kila paa jipya linalojengwa huko juu bila mtaro humwaga maji yake kwa jirani, naye jirani kwa jirani yake, mpaka yote yanakutana Jangwani.

Jangwani, licha ya jina lake, ndipo bonde linapopanuka na kulala tambarare, hivyo maji yaliyokuja kwa kasi kutoka Pugu hupunguza mwendo na kutandaa. Yanapopunguza mwendo hutua mzigo, na mzigo huo ni mchanga. Uchimbaji holela wa mchanga wa kujengea huko juu, kumomonyoka kwa kingo na barabara za vumbi zisizo na mitaro vimeufanya mto ubebe mchanga mwingi kuliko unavyoweza kuufikisha baharini. Matokeo yake sakafu ya mto chini ya daraja la Barabara ya Morogoro hupanda mwaka hadi mwaka. Mitambo imekuwa ikipelekwa mara kwa mara kuzibua na kuuondoa mchanga huo, na mara kwa mara mvua ya msimu mmoja huurudisha. Changanya na chupa za plastiki, matairi, matawi na taka za majumbani, na daraja lililojengwa kupitisha maji hugeuka kuwa kizuizi cha maji.

Kisha kuna bahari, jambo ambalo mara nyingi husahaulika katika mijadala ya mafuriko. Msimbazi humwaga katika hori la mikoko nyuma ya Daraja la Selander, na hori hilo hujaa na kupwa pamoja na bahari. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Dar es Salaam huzidi mita tatu. Mvua kubwa ikinyesha Pugu na maji yake yakafika mjini wakati bahari imejaa, mto hukosa pa kwenda. Husimama na kurudi nyuma. Ndiyo maana mvua mbili za kiasi kile kile zinaweza kuleta maafa tofauti kabisa: moja ikaondoka kwa saa tatu, nyingine ikakaa ndani ya nyumba siku mbili.

Mafuriko yaliyobaki zaidi katika kumbukumbu za wakazi ni ya Desemba 2011. Tanganyika ilikuwa imeadhimisha miaka 50 ya uhuru wake siku chache tu kabla, Desemba 9, na mapambo yalikuwa bado hayajashushwa mitaani mvua ilipoanza kunyesha Desemba 20. TMA ilieleza kuwa mvua kama hiyo haikuwahi kupimwa jijini tangu mwaka 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, maelfu walikosa makazi, na watu waliokolewa juu ya mapaa kwa boti na helikopta. Shule ziligeuzwa kambi za waathirika katika wiki ya Krismasi.

Baada ya hapo Serikali iliamua kuwahamishia waathirika Mabwepande, pembezoni mwa Wilaya ya Kinondoni, ambako walipewa viwanja na kuanzia katika mahema. Kwa upande wa usalama uamuzi huo haukuwa na kasoro, Mabwepande hapafuriki. Kasoro ilikuwa umbali. Aliyekuwa akiuza mboga Kariakoo, akibeba mizigo sokoni au akifua nguo katika nyumba za Upanga alijikuta yuko zaidi ya kilometa 30 kutoka kwenye riziki yake, na nauli ya kwenda na kurudi ikila sehemu kubwa ya alichopata. Baadhi waliuza viwanja au kuvipangisha na kurejea bondeni. Wengine walibaki, wakajenga, na Mabwepande ya leo si ile ya mahema ya mwaka 2012. Hata hivyo vyumba vilivyoachwa Jangwani na Mkwajuni havikukaa vitupu muda mrefu.

Maji yalirudi Aprili 2014, safari hiyo yakiharibu barabara na madaraja katika maeneo kadhaa ya jiji na Pwani na kukata mawasiliano kwa muda. Yalirudi Mei 2015, tena Aprili 2018, na tena Oktoba 2020. Tathmini ya Benki ya Dunia kuhusu mafuriko ya Aprili 2018 ilikadiria kuwa hasara waliyopata wakazi wa jiji ilizidi dola za Marekani milioni 100. Kiasi hicho ni jumla ya vitu vidogo vidogo ambavyo havionekani katika picha za magazeti: friji iliyoungua mota, gunia la mchele lililolowa, cherehani, madaftari ya watoto, siku tatu za mshahara wa kibarua ambaye hakufika kazini.

Msimu wa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, ulioambatana na El Nino, ulikuwa mzito kwa nchi nzima. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki dunia nchini kutokana na mvua hizo na watu wapatao 200,000 wameathirika. Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotajwa.

Kituo cha mabasi kilichojengwa bondeni

Miongoni mwa waathirika wa Msimbazi, mmoja haumhurumii mtu yeyote kwa urahisi, nao ni mradi wa mabasi yaendayo haraka. Huduma hiyo ilianza Mei 2016, na karakana yake kuu ikajengwa Jangwani, ndani ya bonde lenyewe, miaka michache tu baada ya maafa ya 2011. Mafuriko yameiingia karakana hiyo zaidi ya mara moja, yakaharibu mabasi na vifaa na kulazimisha mabasi kuhamishwa usiku kila tahadhari ya mvua inapotolewa. Wakazi waliovunjiwa nyumba kwa hoja kwamba bonde si mahali pa kujenga wamekuwa wakiitaja karakana hiyo kila wanapoulizwa kuhusu sheria, na ni vigumu kuwalaumu.

Hata wapenzi wa soka wana lao. Makao makuu ya Yanga yako Jangwani, na eneo lake limejaa maji mara nyingi kiasi kwamba mashabiki wa Simba huwaita watani wao vyura. Simba wenyewe huitwa Wekundu wa Msimbazi, kwa jina la mtaa wa Kariakoo yalipo makao yao. Kwa hiyo klabu mbili kubwa za nchi zimebeba majina ya bonde moja, ingawa ni moja tu inayolowa miguu.

Sheria na alama nyekundu za X

Kwamba bonde la Msimbazi halifai kwa makazi si jambo lililogunduliwa baada ya 2011. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliyahesabu mabonde ya mito kuwa maeneo hatarishi ya kuachwa wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini kati ya 1979 na 2004 zilipita robo karne ambazo watu walinunuliana viwanja bondeni kwa hati za mkono zilizoshuhudiwa na viongozi wa mitaa, wakaunganishiwa umeme, wakajiandikisha kupiga kura na kuchagua wenyeviti wao. Mkazi wa namna hiyo akielezwa kuwa ni mvamizi, huuliza ni lini hasa alivamia, maana kila mamlaka ilimfahamu kwa anwani yake.

Desemba 2015 na Januari 2016 Serikali ilianza kubomoa. Nyumba zilichorwa alama za X kwa rangi nyekundu, na tingatinga zikaingia Mkwajuni, Hananasif na maeneo mengine ya bonde. Shauri lilifunguliwa mahakamani kupinga hatua hiyo, na kwa baadhi ya wakazi ubomoaji ulisimama. Kwa waliokwisha kuvunjiwa, wengi hawakulipwa fidia kwa kuwa walihesabiwa kuwa wamejenga kinyume cha sheria. Familia zililala juu ya vifusi vya nyumba zao kwa majuma kadhaa. Zoezi hilo liliondoa nyumba lakini halikuondoa umaskini uliowapeleka watu bondeni, na wapangaji, ambao ndio wengi, walihamia tu nyumba za jirani ambazo hazikuwa na X.

Swali la kwa nini watu hukaa bondeni lina jibu la kihesabu zaidi kuliko watu wengi wa mjini wanavyodhani. Jangwani ni mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Kodi ya chumba ni nafuu kwa sababu ya hatari yenyewe. Kwa kibarua anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, mafuriko ya siku mbili kwa mwaka ni gharama ndogo kuliko nauli ya siku 300. Hesabu hiyo huwa sahihi miaka mingi. Mwaka inapokosea, hukosea kwa maisha ya mtoto.

Waliobaki wamejifunza kuishi na maji. Vizingiti vya milango huinuliwa kwa matofali mpaka kufikia magoti, vitanda na makabati huwekwa juu ya matofali, vyeti na fedha hutunzwa darini, na kingo za mto huzuiwa kwa viroba vya mchanga na matairi chakavu. Lakini ipo desturi moja ambayo wataalamu wa afya wameipigia kelele miaka yote, nayo ni kutapisha vyoo. Mvua kubwa inaponyesha baadhi ya wenye nyumba hutoboa mashimo ya vyoo ili kinyesi kiondoke na mafuriko, kwa kuwa gari la kunyonya maji machafu ni ghali na vichochoro haviliruhusu kupita. Maji yanayoingia chumbani kwa jirani wa chini ni hayo. Kuhara, kipindupindu na homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa panya, hupata njia rahisi katika mazingira hayo.

Mradi wa bonde

Mwaka 2018 Serikali, wataalamu na wawakilishi wa wakazi walikaa katika mfululizo wa warsha kuandaa mpango mmoja wa bonde zima badala ya kila taasisi kuzibua kipande chake. Mpango huo ndio uliozaa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200, na Hispania na Uholanzi zikaongeza fedha zilizoufikisha mradi kwenye takriban dola milioni 260. Utekelezaji wake uko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA).

Kinachokusudiwa kufanyika kinaeleweka kirahisi. Sehemu ya chini ya mto inapanuliwa na kuchimbwa ili ipate kina. Udongo unaochimbwa unatumika kuinua ardhi ya pembeni iwe matuta mapana yasiyofikiwa na mafuriko, ambayo yanaweza kujengwa. Katikati inaachwa bustani ya jiji yenye ukubwa wa takriban hekta 57, ambayo siku za kawaida ni mahali pa kupumzika na siku za mafuriko ni mahali pa maji kutulia. Karakana ya mabasi inaondolewa bondeni. Na daraja la Jangwani, ambalo ndilo linalolikata jiji vipande viwili, linajengwa jipya na la juu zaidi, lenye urefu wa mita 390. Mkataba wa ujenzi wake ulisainiwa mwaka 2024.

Tofauti kubwa na yaliyotangulia iko katika fidia. Kwa masharti ya Benki ya Dunia, mtu anayeondolewa kupisha mradi hulipwa nyumba na mali zake na kusaidiwa kuhama hata kama hana hati ya ardhi. Familia ambazo mwaka 2016 zingeondolewa kwa tingatinga bila senti zilifanyiwa tathmini na kulipwa. Malalamiko hayakukosekana. Kubwa lilikuwa la ardhi: mkazi anayelipwa nyumba tu, bila thamani ya kiwanja alichokinunua kwa jasho, huona kuwa fedha hiyo haitoshi kumpatia kiwanja kingine popote karibu na mji. Wapangaji nao hulipwa kidogo kuliko wenye nyumba, na ndio wanaotafuta chumba kingine cha bei ya bondeni wakati mabonde yanapungua.

Jambo jingine ambalo wenye mji wanapaswa kulifuatilia kwa makini ni kwamba kazi nyingi nzito ziko sehemu ya chini ya mto, huku mchanga ukitoka juu. Kina kitakachochimbwa Jangwani kitadumu kwa kadiri ambavyo uchimbaji mchanga utadhibitiwa huko juu na misitu ya Pugu italindwa, na maeneo hayo yako katika halmashauri na mikoa tofauti.

Ramani na tahadhari

Hatua moja ya gharama ndogo ilitangulia mradi huo. Kuanzia mwaka 2015, chini ya mpango uliopewa jina la Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakiwa na simu na vipima mahali, wakichora mitaro, makalavati, vichochoro na nyumba ambazo hapo awali hazikuwa katika ramani yoyote. Wazee wa mitaa waliulizwa maji yalifika wapi ukutani katika mafuriko yaliyopita, na majibu yao yakawekwa kwenye ramani. Ramani hizo ziko wazi kwa mtu yeyote katika intaneti.

TMA kwa upande wake hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam misimu ya kuzifuatilia ni miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mkazi wa bondeni anafaa kuangalia pia siku za bamvua, na kukumbuka kuwa mvua inayomzamisha inaweza kuwa inanyesha Pugu wakati kwake ni mawingu tu.

Kwa watumiaji wa barabara, hatari iko katika kina ambacho macho hukidharau. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 husomba magari mengi. Juu ya lami ya Jangwani maji huwa ya rangi ya tope, hivyo dereva hawezi kuona kama ukingo wa barabara bado upo. Vijana hubeba watu mgongoni au kwa mikokoteni kuwavusha kwa malipo, na huduma hiyo, ingawa imewasaidia wengi kufika kazini, haina kinga yoyote mkondo unapobadilika ghafla. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112. Polisi wanapoifunga Barabara ya Morogoro, aliyeko Magomeni anayetaka kufika Posta hubakiwa na njia ya Kinondoni hadi Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, kisha Daraja la Selander au lile la Tanzanite lililofunguliwa Machi 2022.